Sekunde Tatu Nyuma ya Pazia

Mwanga ule ulisafiri miaka milioni mia nne bila kusimama njiani hata kuomba maji. Ulizikwepa nyota, ukapenya mavumbi, ukapishana na galaksi ambazo hata majina hazina, ukaja kutua Jumatatu saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, wakati mtu aliyeusubiri kuliko wote duniani ameingia chini ya meza kutafuta kifuniko cha kalamu.

“Shemeji! Toka huko, umepata mgeni!”

“Mgeni gani?” sauti ikauliza kutoka chini ya meza.

“Mfupi. Mkali. Na ameshaondoka.”

Kichwa kikainuka bila kukumbuka kwamba juu yake kuna mbao. Katibu wa ofisi ya jirani aliapa baadaye kwamba alidhani karakana imefunga mlango. Mwenye kichwa hakusikia maumivu yoyote mpaka kesho yake. Alisimama mbele ya kompyuta, mkono mmoja utosini, akaona mstari mwembamba uliotulia, kisha katikati yake mnara mmoja uliopanda wima na kushuka wima. Thuluthi moja ya sekunde, basi.

“Mungu wangu,” akasema. “Tazama urefu wake.”

“Nimeutazama. Nimetazama na wewe ulivyotoka huko chini. Sijui kipi kimenishangaza zaidi.”

Kazini walimwita Kikohozi, na kifuani hakuwa na ugonjwa wowote. Jina alilipata kwa kile alichokitafuta kwa miaka kumi na tisa. Darubini waliyoihudumia ilikuwa huko juu, inaizunguka dunia, na kazi yake ilikuwa kunasa milipuko ya gama, miale mikali isiyoonekana kwa macho inayotoka mbali kupita maelezo. Iko mirefu, inayodumu hata dakika. Mifupi haifiki sekunde mbili, na hiyo ndiyo iliyomkosesha raha. Inatokea pale mabaki ya nyota mbili zilizokufa, kila moja zito kuliko jua lakini limebanwa likawa na upana wa mji mmoja tu, yanapozungukana, yakakaribiana, mwisho yakagongana. Kikohozi aliamini kwamba sekunde moja au mbili kabla ya kugongana, gamba la mojawapo hupasuka na kutoa mwako mdogo. Mara ya kwanza alipoulizwa kwenye kikao aeleze, alisema, “Ni kama mtu anayekohoa kidogo kabla hajapiga kelele.” Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti.

Milipuko mifupi arobaini na mmoja ilikwisha kupita mikononi mwake. Yote ilipiga kelele bila kukohoa, au ilikohoa polepole mno darubini isisikie. Huu wa arobaini na mbili ulikuwa wa karibu na mkali kuliko wenzake wote. Kama ulikohoa, darubini ilisikia.

Na darubini yenyewe ilikuwa inakata roho. Katika magurudumu manne yanayoigeuza, matatu yalikuwa yameganda, na wenye mali walikwisha kutangaza kwamba Ijumaa saa nne asubuhi wanaizima. Nyingine ya kuchukua nafasi yake haikuwapo hata kwenye karatasi. Kwa hiyo hesabu ya Kikohozi ilikuwa rahisi. Kama kikohozi kimo, miaka kumi na tisa ilikuwa kazi. Kama hakimo, ilikuwa kukaa.

Kukaa kwenyewe alikukaa hasa. Chumba kilikuwa na meza mbili, feni ya ukutani yenye panga moja fupi kuliko mengine, birika lililoungua kitako, na dirisha linalotazama uani, kwenye magari ya idara yanayosubiri vipuri tangu enzi za mkuu aliyepita. Kiti chake kilikuwa kimeinama upande wa kulia kama yeye. Ilisemekana kwamba alipokwenda likizo, kiti kilibaki kinaegemea kulia peke yake kwa mazoea.

Aliyekaa meza ya pili alikuwa mdogo wa mkewe, nao waliitana Shemeji wote wawili; alikuwa mtu mpana mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Miaka kumi na miwili walikuwa pamoja, mmoja mchambuzi, mwingine mkaguzi wake, na katika muda huo hawakuwahi kuambiana jambo la heshima hata moja kabla ya saa nne asubuhi.

“Ulimchukua dada yangu,” alisema Shemeji, akijaza maji birika, “hukutosheka. Ukachukua ujana wangu. Leo umekuja kuchukua na nyota.”

“Dada yako nilibembelezwa nimchukue. Baba yako alinishika mkono kwa mikono miwili.”

“Alikuwa anakuonea huruma, bwana.”

Mkuu wa idara aliingia wakiwa bado wanacheka. Alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno, na Kikohozi ndiye aliyemfundisha kazi alipofika pale mara ya kwanza. Mpaka leo alimwita Mwalimu.

“Nimeuona,” akasema. “Mwalimu, pazia limeshuka?”

“Limeshuka lenyewe.”

“Basi weka vipimo vyako taratibu. Tutafungua Jumatano saa tatu. Usiharakishe.”

Hilo pazia linahitaji maelezo, na aliyelitengeneza ni Kikohozi mwenyewe. Darubini ile haikupiga picha, ilihesabu. Ilihesabu chembe za mwanga zinazoigonga, moja moja, na angani hata pasipo mlipuko chembe hazikomi kugonga, kama manyunyu juu ya bati. Pale ofisini waliita hiyo kelele. Ukitaka kuona kitu kidogo ndani ya kelele, unaikata sekunde vipande vidogo, unahesabu chembe za kila kipande, unatazama kipi kimewazidi wenzake. Ubaya wake ni huu: ukikata hivi ukakosa, ukakata vile, ukasogeza kidogo kushoto, ukatupa chembe nzito, zile za nguvu kubwa, ukabaki na nyepesi, mwishowe kelele itakuonea huruma ikupe unachokitaka. Mtu akilikodolea macho doa la ukutani kutwa nzima, litamwonyesha sura ya baba mkwe wake na masharubu juu.

Kwa hiyo mlipuko mfupi ulipoingia, programu ilizificha sekunde tatu za kabla yake. Mchambuzi aliutazama mlipuko wenyewe na kelele ya mbali, akaamua atakata vipande vya upana gani, ataanzia wapi, atachukua chembe za nguvu ipi. Aliandika yote kwenye daftari kubwa jeusi, akatia sahihi, na mkaguzi naye akatia yake. Hapo ndipo Mkuu alipoingiza neno lake la siri, pazia likafunguka, watu wakatazama mara moja. Mara moja tu. Vituo vya nchi nyingine viliiga utaratibu huo na kumwandikia barua za pongezi. Mwenyewe alikuwa mkali nao kupita kiasi. Aliwahi kumnunia Shemeji wiki nzima kwa kuuliza, kwa utani tu, kama pazia lina tundu.

Tundu lilikuwepo. Pazia lilikuwa ndani ya programu, lakini faili ghafi, lile linaloshuka moja kwa moja kutoka angani, lilikaa kwenye mashine ileile, folda ya tatu, wazi kabisa. Aliyejua hivyo alikuwa yeye peke yake, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi hata kuitazama ile folda kwa jicho la pembeni.

Saa saba kasoro dakika nane wote walikwenda kula. Shemeji alimwita mara mbili mlangoni, akajibiwa kwamba mkate na yai viko mezani na vinatosha. Hatua zikaishia mwisho wa ukumbi. Feni ikawa inazunguka na ule mlio wake wa panga fupi. Kikohozi akamenya yai.

Hakukusudia kudanganya. Alitaka kujua tu kama ajiandae kufurahi au ajiandae kunyamaza. Jumatano ilikuwa mbali, Ijumaa ilikuwa karibu, na alikuwa mtu wa miaka sitini na mmoja aliyesubiri vya kutosha. Hivyo ndivyo alivyojieleza huku kidole kikifungua folda ya tatu.

Alikata vipande vya milisekunde sitini na nne, kama walivyozoea. Hakuna kitu, manyunyu matupu. Akauma yai. Akakata thelathini na mbili. Hakuna. Akasogeza mwanzo mbele kidogo, akarudisha nyuma. Akaziacha chembe nzito. Hapo kwenye sekunde moja na nusu kabla ya mlipuko, kipande kimoja kikainua kichwa kidogo, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Akakata hamsini, kikalala. Akakata arobaini, kikainuka. Akasogeza mwanzo milisekunde kumi, kikainuka zaidi. Akasogeza tatu zaidi.

Kikasimama. Chembe ishirini na tano mahali ambapo kwa kawaida huanguka nane.

Nusu ya yai ilikuwa bado mkononi. Alikitazama kile kipande jinsi mtu anavyomtazama ndugu aliyepotea akishuka garini, akiogopa kumwita jina asije akawa mwingine. Kisha akasikia kicheko cha Shemeji kinapanda ngazi, akafunga faili, akafuta maganda ya yai, akakaa vizuri upande wa kulia.

Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya vifua, na siku nyingi alikwisha kuamua kwamba ile darubini ni mke mwenzake.

“Mke mwenzangu hajambo?” aliuliza jioni hiyo, akivua viatu vya kazi mlangoni.

“Anaumwa. Lakini leo amenipa kitu.”

“Amekupa nini nisichokupa mimi? Mimi nimekuzalia watoto watatu, yeye amekuzalia grafu.”

Kikohozi akacheka. Akacheka zaidi ya utani wenyewe, mpaka mkewe akaacha kiatu kimoja mguuni akamtazama.

“Unacheka kama mtu aliyevunja kitu cha watu.”

“Nimefurahi tu, mke wangu. Hebu niambie. Mgonjwa akija, kifua chake unakisikilizaje?”

“Kwa masikio, baba watoto. Ulidhani kwa magoti?”

“Nauliza kweli.”

“Haya. Sipendi kuambiwa kitu kabla. Nikiambiwa pafu bovu ni la kushoto, la kushoto litanikoromea hata kama ni zima. Wenzangu wanajua, wananyamaza mpaka nimalize.”

“Na ukishaambiwa?”

“Nikishaambiwa basi tena, siwezi kujifanya sijasikia. Namwita mwingine asiyejua, asikilize yeye.” Akavua kiatu cha pili. “Kuna nini?”

“Hakuna. Naongea tu.”

Jumanne aliandika kwenye daftari jeusi: vipande vya milisekunde arobaini, mwanzo usogezwe kumi na tatu, chembe nyepesi peke yake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote. Shemeji alisoma, kalamu mkononi.

“Arobaini? Si sitini na nne?”

“Utazame mlipuko wenyewe. Una meno meno, na upana wa kila jino ni arobaini. Kama kuna kikohozi, koo ni lilelile.”

“Na hizi kumi na tatu?”

“Ndipo jino la kwanza linapoanzia.”

Shemeji akapima, akaona ni kweli, akatia sahihi. Na ilikuwa kweli hasa. Meno yalikuwepo, yana upana huo, yanaanzia hapo. Mchambuzi makini angeweza kuyaona hayo kwa haki na kuchagua arobaini bila kuchungulia popote. Huenda hata yeye angechagua hivyo. Huenda.

Jumatano saa tatu Mkuu aliingiza neno la siri, wakiwa watu sita wamebanana nyuma ya kiti kilichoinama. Pazia likafunguka. Kipande kile kilikuwa pale pale, kimesimama peke yake kama nguzo ya umeme kwenye uwanja mtupu.

Katibu wa ofisi ya jirani, ambaye hakujua kinachotazamwa, akauliza, “Ndicho hicho?” na Mkuu, yule mkavu wa maneno, akafuta macho kwa kiganja. Shemeji alimkumbatia mume wa dada yake akamwinua juu, na kwa kuwa hawakuwahi kukumbatiana tangu siku ya harusi, hawakujua namna ya kuachana. Hesabu ikapigwa hapo hapo. Kelele peke yake ingeweza kutoa kitu kama kile mara moja katika milipuko elfu kumi na moja.

“Mwalimu,” Mkuu akasema, “sema basi neno.”

“Sina,” akajibu, na huo ulikuwa ukweli pekee aliousema siku ile.

Kabla ya saa sita ripoti ya awali ilikwenda kwa vituo kumi na vinne, pamoja na grafu yake. Majibu yakaanza kumiminika. Vyombo vingine viwili huko angani viliuona mlipuko, lakini vyote viwili vilikuwa vizito vya masikio. Kikohozi chepesi namna ile kisingesikika kwao hata kidogo. Kila aliyetaka kukiona alipaswa kutazama grafu ya Kikohozi. Na wote walitazama.

Shemeji alikuwa mzembe katika mambo mengi, isipokuwa ukaguzi. Alasiri hiyo, kwa furaha tu, alitaka kuona kama kikohozi kinasimama hata kwa vipimo vingine, ili dunia isije ikauliza yeye hajajibu. Akakata sitini na nne. Kikalala. Akakata thelathini na mbili. Kikalala. Akasogeza mwanzo akarudisha, kikainuka, kikalala. Hakupenda. Akafungua kumbukumbu za mashine kuhakikisha kwamba anatumia faili sahihi, na pale, kwenye mstari mmoja mfupi, akasoma kwamba faili ghafi lilifunguliwa Jumatatu saa saba kasoro dakika nane na kufungwa saa saba na dakika thelathini na moja.

Akageuza kiti kumtazama mwenzake.

“Shemeji,” alisema yule mtu mpana, polepole. “Jumatatu ulikula hapa.”

“Nilikula hapa.”

“Mkate na yai.”

“Mkate na yai.”

Shemeji akafunga dirisha la kumbukumbu, akakunja mikono tumboni. “Mimi sijaona kitu. Umesikia? Mimi ni mkaguzi wa vipimo, siyo wa mayai. Dada yangu nitamwangalia vipi?” Akainuka, akachukua koti lake, akatoka saa moja kabla ya wakati. Ilikuwa mara ya kwanza aondoke bila kumtukana.

Kikohozi akabaki peke yake na kelele ya feni. Aliifikiria hesabu, kwa sababu kufikiri hesabu ndiyo kazi pekee aliyoijua. Kuchungulia mara moja siyo mwisho wa dunia. Hata mara tano siyo, ingawa kila mtazamo unaipa kelele nafasi nyingine. Unagawanya elfu kumi na moja kwa tano, unapata elfu mbili na mia mbili, kikohozi kinabaki kimesimama, mtu anakiri, anaaibika, kikohozi kinaishi. Kinachotakiwa ni idadi. Alitazama mara ngapi?

Akachukua karatasi. Sitini na nne, moja. Thelathini na mbili, mbili. Kusogeza mbele, tatu, kurudisha, nne. Au alirudisha mara mbili? Mashine haikuandika alivyokata, iliandika tu kufungua na kufunga. Dakika thelathini na tisa. Kama kila mtazamo ulichukua dakika nzima, alitazama mara thelathini na tisa, na kelele ingefanya mzaha kama huo mara moja katika milipuko mia mbili na themanini na kitu. Kidogo, lakini mtu anaweza kusimama nacho kwa mguu mmoja. Kama kila mtazamo ulichukua sekunde kumi, ni mara mia mbili thelathini na nne, na mzaha ungetokea mara moja katika arobaini na saba. Mikononi mwake ilikuwa imepita arobaini na miwili.

Alijaribu kukumbuka kwa yai. Aliliuma lini, akasogeza lini. Alifunga macho, akaviacha vidole vicheze juu ya meza kama vilivyocheza Jumatatu, labda vyenyewe vinakumbuka. Vidole vilikwenda vizuri mpaka kwenye ule mtazamo ambapo kipande kiliinua kichwa. Kuanzia hapo hakukuwa na idadi. Kulikuwa na furaha tu.

Alhamisi asubuhi aliingia kwa Mkuu, akafunga mlango, akasema kila kitu akiwa amesimama. Mkuu hakumkatiza. Alipomaliza alimwonyesha kiti, na yeye hakukaa.

“Ulitazama mara ngapi?”

“Sijui.”

“Kadiria, Mwalimu.”

“Kati ya thelathini na tisa na mia mbili thelathini na nne.”

“Hiyo siyo idadi.” Hakupaza sauti. “Unaweza kunipa jambo lolote jingine? Karatasi? Uliandika chochote?”

“Nilikuwa nakula.”

Mkuu alitazama uani, kwenye yale magari. “Ungeniambia Jumatatu,” akasema, “hata Jumanne, hata jana asubuhi kabla sijafungua, ningempigia mtu wa kituo kingine. Asiyejua lolote. Ningemwambia, hebu chagua wewe vipimo, macho yamefungwa. Angechagua. Kama kikohozi kimo, kingemtokea. Bado ilikuwa inawezekana.”

“Tumpigie leo.”

“Nimpigie nani?” Akageuka. “Tumewapelekea grafu vituo kumi na vinne. Nitampata wapi mtu wa kazi hii ambaye hajaiona? Wote wanajua kiko wapi, kina upana gani, kimeanzia wapi. Na wewe ulikuwa umesimama karibu yangu wakati nabonyeza.”

Alikuwa amesimama karibu yake, kweli. Alimsogezea hata kiti.

“Inawezekana kimo,” Kikohozi akasema.

“Inawezekana kabisa.”

“Mlipuko una meno ya arobaini. Hilo halitokani na mimi.”

“Najua. Nimeyaona.” Alipangusa meza iliyokuwa safi. “Ndiyo maana sijui nikuambie nini. Ungenizulia ingekuwa rahisi, ningefuta tukaendelea. Hiki hakifutiki na hakisimami.”

Marekebisho aliyaandika Kikohozi mwenyewe. Aliomba aandike yeye. Alijaza ukurasa, Mkuu akaukata ikabaki mistari miwili: kwamba sekunde tatu za kabla ya mlipuko zilitazamwa na mchambuzi kabla ya vipimo kuwekwa, mara zisizojulikana, na kwamba sekunde hizo hazifai kutumika, si kwa kuthibitisha wala kwa kukanusha. Ikaenda kwa vituo vyote kumi na vinne. Wengi hawakujibu. Mmoja, bingwa wa kituo cha mbali aliyewahi kumwandikia barua ya kulisifu pazia, alijibu kwa neno moja: “Pole.”

Shemeji alisoma marekebisho hayo mara tatu mezani kwake.

“Umeandika ‘mchambuzi’ tu,” akasema. “Hukuniweka mimi.”

“Wewe ulikagua mayai?”

Shemeji alijaribu kucheka. Vikombe havikutikisika. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa, “Lakini kati yetu, shemeji. Moyoni mwako. Kimo?”

“Moyo wangu ndio ulioharibu, unauliza tena huohuo?”

Ijumaa saa nne darubini ilizimwa. Hakukuwa na la kutazama. Manyunyu yalipita kwenye kompyuta kama kawaida, chembe nane, chembe saba, chembe tisa, kisha sifuri, sifuri, sifuri, na baada ya dakika chache Shemeji akanyoosha mkono akazima na kompyuta yenyewe, maana feni ilikuwa inatosha kwa kelele. Mkuu alikuja mlangoni, akawapa mkono wote wawili, akamwambia Kikohozi kwamba barua ya kustaafu itamfikia nyumbani. Hakumwita Mwalimu. Pengine alisahau tu.

Jumamosi mkewe alikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi walikuwa wote wawili mezani. Alikwisha kujua kila kitu. Alikisikia kwa mdogo wake kwanza, akasubiri siku nzima mumewe aseme mwenyewe, na aliposema hakumlaumu. Alisema tu, “Ungeniambia siku ile ya viatu.” Sasa alikuwa anapaka siagi mkate, na utani wote aliouandaa aliona bora abaki nao.

Mumewe alikuwa ameacha chai ipoe. Macho yalikuwa kwenye kitambaa cha meza, lakini hayakuwa yanakitazama. Kidole cha shahada kilisogea kushoto kidogo, kikasimama, kikarudi. Midomo ilikuwa inacheza.

“Unahesabu nini, baba watoto?”

Akainua mkono mwingine kumzuia asiseme. Kidole kikasogea tena, kikasimama.

“Kumi na saba,” akasema. “Nimefika kumi na saba.”

“Kati ya ngapi?”

Kidole kikasimama hapohapo. Akakitazama, akatazama uso wa mkewe, akatazama tena kidole, na ile kumi na saba ikawa imeshampotea. Akavuta pumzi, akarudisha mkono mwanzo wa kitambaa.

“Moja,” akasema.